Ukingo wa Turubai

Wewe umewahi kuambiwa ukae kama jiwe, kisha nzi akatua kwenye kope, akatembea taratibu mpaka pembeni mwa jicho kunywa maji yake, na wewe huna ruhusa hata ya kupepesa? Kama bado, basi kazi ya Bi Tulia huijui, na usije ukamwambia mtu kwamba ni kazi ya kukaa tu.

Jina hilo alipewa na wanafunzi. Alipoanza kazi katika shule ile ya uchoraji, msichana mwenye shingo ndefu na kichanga mgongoni, walikuwa wakimpigia kelele, "Tulia, dada!" Miaka ikasogea, wakasema, "Tulia, mama!" Sasa wanasema, "Tulia, bibi," na wengine wao ni watoto wa wale wa kwanza. Yeye ni yule yule, juu ya jukwaa lile lile la mbao, katika chumba chenye madirisha marefu ya kuingiza mwanga. Vijana humzunguka na stendi zao wakamtazama vile mwashi anavyotazama ukuta anaotaka kuupiga lipu: hapa pamebonyea, hapa pamejaa.

Asubuhi hiyo ilikuwa ya mtihani wa kuchora mtu aliye hai, na kila mmoja alijua kwamba ndio wa mwisho. Somo lenyewe linafutwa. Mkurugenzi mpya amesema zama zimebadilika, kijana anayetaka kula lazima ajue kompyuta, na ndani ya kompyuta yumo mtu wa kuchorwa ambaye hali, hanywi, haumwi mgongo wala haombi ruhusa ya kwenda msalani. Wanafunzi walipoambiwa hayo walicheka. Bi Tulia naye alicheka, kwa kuwa alikuwemo chumbani na hakutaka aonekane ana kijicho na kompyuta.

Lakini kilichomkosesha raha hakikuwa kazi. Kazi huisha, kama nguo inavyochakaa. Kilichomkosesha raha kilikuwa stoo.

Stoo ilikuwa ng'ambo ya uwanja, mkabala kabisa na dirisha. Humo zilipangwa picha za wanafunzi tangu shule ianze, turubai kwa turubai, vitambaa vigumu vilivyowambwa kwenye mbao, vimeegemeana kama wasafiri waliosinzia. Wiki nzima mlango ulikuwa na kufuli jipya ambalo yeye, mfagiaji wa stoo miaka yote, hakupewa ufunguo wake. Asubuhi alipofika alikuta mlango umeachwa wazi, na wapagazi wanatoa picha nje. Chumba kinatakiwa kwa ajili ya kompyuta. Picha nzuri zimechukuliwa na hoteli mpya, zikapambe korido. Zilizobaki zitapakwa rangi nyeupe ili wa mwaka wa kwanza wajifunzie juu yake. Hiyo ilikuwa desturi ya shule toka zamani, maana turubai ni ghali, na mchoro wa jana haumlishi mtu wa leo.

Na moja ya picha hizo ilikuwa na mwanawe.

"Bibi, mguu," alisema kijana mmoja wa mbele.

"Mguu una nini?"

"Unatetemeka. Nimeshauchora mara mbili, kila mara uko mahali pengine."

"Ni baridi, mwanangu."

"Baridi gani, bibi? Sisi tunatokwa jasho," akasema binti wa nyuma, na darasa likacheka kwa woga woga, kama watu wanavyocheka kwenye mtihani.

Akajikaza kisabuni. Akauambia mguu utulie, ukatulia. Vidole vikaanza.

Hakuna picha nyingine ya mtoto yule duniani. Aliondoka kwa homa kabla meno yake ya mbele hayajaota tena, enzi ambazo kwenda studio kupigwa picha lilikuwa jambo la watu wenye viatu. Alivyokuwa akicheka, Bi Tulia anakumbuka. Joto la miguu yake midogo usiku, anakumbuka. Lakini uso, uso ule ulianza kumtoroka zamani, ukachanganyika na wa watoto wa jirani, na alipoona hivyo akawa anakwenda stoo na kitambaa chake cha vumbi, anaigeuza ile picha, anautazama mpaka unarudi mahali pake. Kisha anafuta vumbi kweli, ili asiwe mwongo.

Kila ulipofika wakati wa kupaka nyeupe, aliihamishia picha hiyo nyuma ya vichwa vya plasta, mahali ambapo hakuna aliyefika.

Vichwa hivyo vililetwa na mwalimu wa kwanza, mzungu mmoja waliyemwita Mzee wa Plasta. Alikuja na makasha yamejaa vichwa vyeupe vyenye pua kama visu, na mwanafunzi alivichora mwaka mzima kabla hajaruhusiwa kumtazama mtu mwenye damu. Walipovimaliza, ndipo Bi Tulia alipopandishwa jukwaani na kutwikwa chungu. Hakuwahi kubeba chungu maishani mwake. Kwao walichota maji bombani, kwa ndoo. "Mwanamke wa huku, na chungu chake," alisema Mzee wa Plasta kwa furaha, na vijana wakachora mwanamke wa huku.

Bendera ikabadilika, Mzee wa Plasta akafunga makasha yake, akaviacha vichwa. Akaja mwenyeji waliyemwita Mwalimu wa Jembe. Chungu kikatupwa kwa dharau, likaja jembe. "Kaza uso, mama! Taifa linakutazama!" Naye akakaza uso, akainua jembe mpaka bega likawaka moto, huku anajiuliza kama taifa nalo linapumzishwa kwenda kunywa maji.

Ni wakati wa huyo wa jembe ndipo mambo yalipotokea. Watoto walikatazwa darasani. Wa kwake alikuwa akiachwa nje kwenye ngazi na kipande cha mkaa, akijichorea sakafuni. Siku hiyo, nayo ya mtihani, mvua ikanyesha, mtoto akanyemelea ndani, akajilaza kwenye ukingo wa jukwaa, miguuni kwa mama yake, usingizi ukamchukua. Wanafunzi wote walichora jembe na kumruka mtoto. Mmoja tu, waliyemwita Kobe kwa namna alivyochora polepole, alichora alichokiona. Mama kainua jembe, na pale ukingoni mtoto kalala na gauni lake la njano, mdomo wazi kidogo, pengo linaonekana.

Watahini wakaizunguka. "Huyu katoka wapi?" Kobe akasema, "Alikuwepo." Mwalimu wa Jembe akasema, "Mtoto kalala. Taifa halilali." Kobe akafeli, akaishia kuchora mikasi kwenye mbao za vinyozi. Na Bi Tulia akaitwa ofisini. Hakukalishwa.

"Sikiliza, mama," aliambiwa. "Humu ndani wewe si mama wa mtu. Humu ndani wewe ni mkao. Ukitaka kuwa mama wa mtu, mlango ule pale."

Mlango aliuona. Nje ya mlango hakukuwa na chakula. Akasema asante, na tangu siku hiyo hakumtaja mtoto ndani ya shule ile, hata alipokwenda kumzika. Aliomba ruhusa ya kuugua tumbo.

Wakaja na wengine, wafadhili wenye mikoba, wakalitoa jembe. "Uso wa njaa, tafadhali," walimwomba kwa adabu. Hiyo ndiyo iliyokuwa rahisi kuliko zote. Na sasa amekuja huyu wa kompyuta, ambaye hataki uso wowote.

"Mapumziko!" akaita Mwalimu wa darasa.

Bi Tulia alishuka kabla neno halijakamilika. Mguu ulikuwa na ganzi, akachechemea mpaka kwa Mwalimu, mwanamke wa makamo ambaye zamani alikuwa mwanafunzi mnene wa safu ya tatu, hodari wa kuchora mikono na dhaifu wa kuchora masikio.

"Mwalimu, mwanangu, kule stoo wanatoa vitu."

"Naona, mama."

"Nilikuwa nasema, labda niende nikawasaidie. Najua mpangilio."

Mwalimu alimtazama, akatupa jicho uwanjani, akashusha sauti. "Mama, usinitie matatani. Jana nimeambiwa nami nitapimwa kama nafaa kwa mtaala mpya. Mimi! Nimewafundisha hata hao wanaonipima. Hebu tumalize mtihani huu salama, halafu nitakupeleka mwenyewe."

"Halafu kutakuwa kumebaki nini?"

"Kwani unatafuta nini huko?"

Maneno yalimfika Bi Tulia mpaka kwenye meno. Yakakuta mlango umefungwa, yakarudi.

"Kitambaa changu cha vumbi," akasema.

"Nitakununulia kingine," akasema Mwalimu kwa huruma, akampa maji.

Mkao wa pili ulikuwa mbaya kuliko wa kwanza. Upepo ulianza uwanjani. Aliona picha zikitoka mbili mbili, mgongo kwa mgongo. Aliona wanawake wenye chungu, wote yeye. Akaona wenye jembe, wote yeye, mmoja anaburutwa kwa kona. Kichwa cha plasta kikatoka kwenye toroli, kikifuatiwa na kingine, na Bi Tulia akavifuata kwa macho, maana vichwa vikihama, kilicho nyuma yake kimebaki uchi.

"Bibi, macho! Tazama ukutani kama mwanzo."

"Bega, bibi."

"Jamani, leo bibi ana nini? Mbona kama kuku anayetafuta pa kutagia?"

"Wee, heshima!" akakemea Mwalimu, lakini naye alikuwa akitazama saa.

Mapumziko ya pili hakuomba kwa Mwalimu. Alijitanda shuka lake, akatoka moja kwa moja mpaka uwanjani alikosimama Mkurugenzi, kijana nadhifu, viatu vinang'aa kiasi cha kujikwatulia. Pembeni yake alikuwa mgeni wa hoteli, bwana mnene mwenye kicheko cha karibu, na nyuma yao Fundi Randa, seremala wa shule, alikuwa akipanga fremu mpya kabisa juu ya meza ndefu.

"Shikamoo, mama yetu!" Mkurugenzi alimshika mkono kwa mikono yake miwili. "Bwana mkubwa, huyu ndiye historia ya shule hii. Hakuna msanii wa nchi hii ambaye hakupitia kwake."

"Marahaba, baba. Nilikuwa na ombi dogo."

"Ombi lako kwetu ni amri. Na nikuambie, hatutakusahau. Tumekuandalia sherehe ndogo. Tutakupa shuka na saa ya ukutani."

"Nashukuru, baba. Sasa, kule stoo..."

"Ah, usiwe na wasiwasi! Hutafagia tena. Umefagia ya kutosha. Pumzika sasa, mama, ucheze na wajukuu."

"Sina wajukuu, baba."

"Watakuja," akasema Mkurugenzi, akampigapiga begani kama anayefunga mjadala na punda mzuri, akamgeukia mgeni. Walikuwa na mazungumzo yao. Mgeni alitaka picha zote ziwe za kimo kimoja na upana mmoja, korido ni nyembamba, fremu zimeshachongwa.

"Na zile pana?" aliuliza Mkurugenzi.

"Zipunguzeni. Mtu wa katikati akionekana, basi. Mgeni wangu anapita na sanduku lake, hasimami kuhesabu vidole."

Bi Tulia alisikia. Alisimama hapo, shuka linapepea, akifungua mdomo na kuufunga. Ungemwona ungesema anatafuna. Alijua la kusema, lilikuwa fupi, hata mtoto angeweza kulisema. Lakini mdomo ni kiungo cha kwanza unachofundishwa kukituliza katika kazi ile, na chake kilikuwa kimefuzu.

"Mama, wanafunzi wanakusubiri," akasema Mkurugenzi bila kugeuka.

Akarudi. Akapanda. Akakaa kwenye kiti chake pale jukwaani, mikono magotini, uso ukutani.

Jicho lilikataa. Likakimbilia dirishani peke yake.

Fundi Randa alikuwa amekunja mikono ya shati. Alichukua picha, akaing'oa kwenye mbao zake za zamani, akailaza mezani, akaweka juu yake kipimo cha ubao, akashika kisu. Kipande cha kushoto kikaanguka. Kipande cha kulia kikaanguka. Upepo ukavidaka vile vipande, akaviwahi kwa mguu, akavikanyaga ili visipeperuke, maana vinafaa kufutia brashi. Akachukua nyingine. Mtu asiye na haraka, Fundi Randa, mtu wa kazi safi. Yeye ndiye aliyelipigilia misumari jukwaa hili lilipolegea, na hakukubali hata chai.

Akachukua nyingine.

Kwa umbali ule Bi Tulia hakuona uso wala jembe. Aliona rangi tu, ile kahawia ya jukwaa jinsi Kobe alivyoipaka, kahawia yenye wekundu ndani yake kama mkate uliokaribia kuungua. Na hapo chini, ukingoni, doa la njano. Gauni.

Alisimama.

"Bibi!"

"Bibi, bado! Bado!"

"Mama, ukishuka sasa sitaweza kukutetea," alisema Mwalimu, akisimama njiani, penseli mkononi. "Ni mtihani wao. Wasikilize, wanalia."

Na kweli binti wa nyuma alikuwa akilia, mkaa umemchafua mashavu. Kijana wa mbele alitupa karatasi. "Miaka yote anakaa, leo ndio anakumbuka kwamba ana miguu!"

Bi Tulia alimsogeza Mwalimu kwa mkono, taratibu, kama unavyosogeza pazia. Alitoka na shuka la mkao, bega moja wazi, miguu peku, akavuka uwanja ambao hakuwahi kuuvuka mbio tangu ujana. Wapagazi wakampisha.

Alipofika mezani, kazi ilikuwa imekwisha. Picha ilikwishaingia kwenye fremu yake, imekaa barabara, wala huwezi kusema palipungua kitu: mwanamke, jembe, uso uliokazwa. Miguuni kwake rangi ilikoma ghafla, ikakutana na mbao iliyopakwa vanishi. Fundi Randa alimwona, akatabasamu kwa kuona haya.

"Dada, umejiona? Enzi hizo ulikuwa moto wa kuotea mbali."

Bi Tulia akainama. Alikuwa akitafuta chini. Vipande vilikuwa vingi chini ya kiatu cha fundi, vimekunjamana, vingine vimelala kifudifudi. Katikati yao, pembeni mwa soli, kulikuwa na njano kidogo. Na juu ya njano hiyo, kisigino.

"Bi Tulia!" Mkurugenzi alikuja mbio, tabasamu likiwa limemtangulia kwa ajili ya mgeni. "Kuna nini? Mtihani!"

"Mwache, mwache!" Mgeni wa hoteli alipiga makofi. "Huyu ndiye mwenyewe? Huyu wa kwenye picha? Wallahi ajabu! Mweke hapo hapo kando ya fremu, nimpige picha, itakaa mapokezi. Mwanamke yule yule, zamani na sasa."

"Umesikia, mama?" akasema Mkurugenzi, akihema. "Umetupatia bahati. Simama hapa. Jembe liko wapi? Hakuna jembe?"

"Kuna fagio," akasema mpagazi mmoja.

"Leteni fagio."

Akawekewa fagio mkononi. Mgeni alirudi nyuma, akainua simu, akafumba jicho moja. "Inua kidogo. Hivyo. Kaza uso. Sasa usitikisike, bibi."

Na mwili ule, ambao asubuhi nzima ulikuwa umemkatalia kila mtu, ukasikia neno lake. Goti likakaza. Bega likapanda, likashika mahali pake pa zamani. Kidevu kikainuka. Dirishani vijana walikuwa wamejazana, na mmoja wao, yule wa mbele, alikuwa ameokota karatasi yake na kuanza kuchora haraka haraka. Ni macho tu yaliyobaki chini, kwenye kile kisigino. Upepo ukavuma. Fundi Randa, kwa kuwa alikuwa mtu mwangalifu, akakandamiza zaidi.

"Safi sana," alisema mgeni. "Hajapoteza kitu. Macho tu, bibi, nitazame mimi. Na mdomo. Mbona mdomo unacheza? Funga mdomo."

Hakuufunga. Fagio likiwa juu, bega likiwaka moto, bila kutikisa kiungo kingine chochote, Bi Tulia akasema:

"Fundi, inua mguu. Unamkanyaga mwanangu. Namtaka mwanangu."